Peleka chupa ya chumvi shuleni

Ndugu mkulima, ndugu mfanyabiashara wa nafaka, watoto wetu wanakariri neno "unyevu" kwa ajili ya mtihani, huku nyumbani mahindi yasiyokauka yanaingia ghalani na kupata sumukuvu. Naona tunapoteza pande zote mbili.

Omba nafasi kwa mwalimu wa sayansi. Beba chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, mahindi kidogo na chumvi kavu. Wanafunzi wachanganye, watikise, wasubiri dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Mahindi yaanikwe tena.

Kisha waeleze kazi yako: unavyopima, kwa nini unakataa gunia, faida inatoka wapi. Mtoto asiyeiona sayansi shambani atalikimbia shamba, nawe utazeeka na jembe peke yako.