Mchungaji akihama, waumini nao wakabidhiwe

Makanisa yetu ni makini sana katika kukabidhi mali pale mchungaji anapohama. Muhuri, vitabu vya stakabadhi, taarifa ya benki, hati ya kiwanja na funguo za nyumba ya mchungaji huorodheshwa, na kila upande unatia saini. Waumini hawaorodheshwi. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kilutheri mkoani Kilimanjaro. Nimeona wachungaji viongozi wakija na kuondoka, na naamini mifarakano yetu mingi huanzia hapo.

Kwetu sisi wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) mchungaji si mwajiriwa wa usharika. Dayosisi ndiyo humpangia kituo na ndiyo humhamisha. Utaratibu huo una heri yake, kwa kuwa usharika haugeuki mali ya mtu mmoja. Tatizo ni kwamba barua ya uhamisho ikishafika, akili zetu zote huhamia kwenye sherehe ya kuaga: kamati, michango, zawadi, chakula. Nafasi ya anayeondoka kukaa na anayekuja haitengwi na yeyote.

Katika mtaa wetu wa juu, karibu na msitu, kuna bibi ambaye miguu imeshamkatalia. Mchungaji aliyehama alikuwa akimpelekea Chakula cha Bwana nyumbani. Siku hiyo bibi huvaa kitenge chake kizuri na kuwaagiza wajukuu watandike kitambaa cheupe mezani tangu alfajiri. Jina lake halikuwamo katika daftari lolote. Alilijua mchungaji kwa kichwa, akaondoka nalo. Bibi alisubiri tangu Pasaka hadi wakati wa mavuno. Tulipomuuliza mbona hakusema, alijibu kwamba alidhani mchungaji mpya hapendi kupanda mlima. Wakati huo wote vitabu vya fedha vilikuwa sawasawa.

Bibi yeye alinyamaza. Wengine hupiga simu. Anayetaka kufunga ndoa, aliyefiwa, mwenye ugomvi na mumewe, wote humtafuta yule wa zamani kwa kuwa ndiye anayewajua. Naye kwa upendo huja. Haipiti miezi mingi, aliyepo anakuwa mgeni katika kituo chake mwenyewe, wazee wanagawanyika, na minong'ono inaingia hadi kwenye jumuiya. Hapo wapo wanaolaumu ukaidi wa waumini, na wapo wanaolaumu wivu wa wachungaji. Mimi nasema waumini hao hawakuwahi kushikwa mkono na kupelekwa kwa mchungaji wao mpya.

Biblia imetuonyesha njia. Katika Hesabu sura ya 27, Musa alimsimamisha Yoshua mbele ya kuhani na kusanyiko lote, akamwekea mikono yeye mwenyewe akiwa bado hai. Na Musa alipofariki, Kumbukumbu la Torati linatuambia Waisraeli walimlilia siku 30, kisha matanga yakaisha. Tunahitaji yote mawili: kukabidhiwa hadharani, na kukubali kwamba kulia kuna mwisho.

Napendekeza wachungaji wawili wapewe walau wiki mbili za kuzunguka mitaa pamoja. Wapite kwa wagonjwa, kwa wajane na kwa watoto wa kipaimara waliofika nusu ya mafundisho. Hata deni la mabati dukani lisemwe wazi. Siri za maungamo zibaki siri. Kisha, kwa mwaka wa kwanza, aliyehama asirudi kufungisha ndoa wala kuzika ila kwa mwaliko wa aliyepo. Jambo hilo waumini waambiwe na wazee, lisiachwe kwa mchungaji mpya ajitetee peke yake. Naye mpya asiguse ratiba ya ibada wala uongozi wa kwaya kabla hajamaliza kuzunguka jumuiya zote.

Kwa makanisa ya Kipentekoste ambako mwanzilishi ndiye mchungaji kiongozi, jambo hili ni zito zaidi, maana hakuna ofisi ya juu itakayoleta barua. Mrithi asianze kutafutwa msibani. Katiba iseme anapatikanaje, na ardhi ya kanisa iwe chini ya bodi ya wadhamini iliyosajiliwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), isiwe kwa jina la mchungaji wala la familia yake. Mwanzilishi anayeipenda kazi yake alifanye hilo angali na nguvu, mbele ya watu wote.

Wazee wenzangu, msisubiri barua ya uhamisho. Kikao kijacho cha baraza, fungueni daftari jipya, kila mtaa utaje wagonjwa wake, wajane wake na wazee wake wasioweza kufika ibadani, na katibu aandike. Daftari hilo ndilo liwe la kwanza kutiwa saini siku ya makabidhiano, kabla ya taarifa ya benki.