Mabati ya Jirani

Katika riwaya zinazohusu mauaji ya kimbari, muuaji aghalabu hupewa heshima asiyoistahiki: hupewa kina. Mwaka 2006 Jonathan Littell alichapisha Les Bienveillantes, riwaya nene ya Kifaransa inayosimuliwa na Maximilien Aue, afisa wa SS katika Ujerumani ya Hitler, nayo ikatwaa tuzo ya Goncourt mwaka uo huo. Aue anadai tangu mwanzo kuwa yeye ni mtu kama watu wengine, na wapo wahakiki waliolipokea dai hilo bila ya kulipima. Mtu gani huyo? Ni daktari wa sheria, mpenzi wa muziki wa kale, mwenye ashiki na dada yake pacha, na dalili zote zinaonyesha kuwa ndiye aliyemuua mama yake. Msomaji akifika mwisho hushusha pumzi, maana mtaani kwake hamna anayefanana na kiumbe huyo.

Bernhard Schlink, mwaka 1995, alipita njia nyingine kufika pale pale. Hanna wake, mlinzi wa kambi, hajui kusoma, na mahakamani aona heri kubeba hatia isiyo yake kuliko kuifichua aibu hiyo. Huruma yote inamwendea yeye. Wanawake walioteketea kanisani hawapati hata robo yake.

Sasa itazamwe Rwanda ya 1994. Wauaji waliuita uovu wao kazi. Neno lao, akazi, halihitaji mkalimani kwa Mswahili. Na kazi ina ujira. Mahakama za gacaca, zilizofungwa mwaka 2012, zilisikiliza kesi zinazokaribia milioni 2, na takriban theluthi mbili ya hizo zilihusu mali: mabati yaliyong'olewa juu ya nyumba ya jirani, ng'ombe, magodoro, milango. Wengi wa hao hawakuua. Walingoja nyumba iwe tupu. Hawa ndio umati wenyewe, na hawa ndio riwaya inaowapita mbio kumkimbilia mwenye panga.

Hata Boubacar Boris Diop, aliyekwenda Rwanda mwaka 1998 pamoja na waandishi wenziwe wa Afrika, hakuokoka kabisa. Murambi (2000) ni kitabu cha kuheshimiwa, na sauti ya Faustin Gasana, kijana wa Interahamwe azungumzaye mauaji kama mtu aelezaye wajibu, inatisha kwa utulivu wake. Lakini anayebaki kichwani ni Daktari Karekezi, aliyepanga mauaji ambamo mkewe na watoto wake mwenyewe walikufa. Jinai hiyo ni kubwa hata inamfunika aliyebeba bati.

Watetezi watasema mwizi wa bati hana hadithi. Hilo ni kosa la mwandishi, si la mwizi.

Wapenzi wa mashairi nao wasijione wako salama. Mwaka 2008 mahakama ya Arusha ilimhukumu mwimbaji Simon Bikindi kifungo cha miaka 15, si kwa nyimbo zake, ijapokuwa zilitumika kuchochea chuki, bali kwa maneno aliyoyatoa kwa kipaza sauti barabarani, Juni 1994. Na waliozifuatisha nyimbo zile kwa mluzi huku wakipalilia maharage? Hakuna mahakama iliyowaita. Riwaya ingeweza.

Scholastique Mukasonga ameweza. Katika Notre-Dame du Nil (2012), Gloriosa, mwanafunzi wa shule ya bweni ya wasichana mwanzoni mwa miaka ya 1970, anakwenda kuivunja pua sanamu ya Bikira Maria kwa kuwa eti ni pua ya Kitutsi. Anarudi na nguo zilizojaa matope, akazua uongo kuwa ameshambuliwa. Wakubwa wa shule wanaupokea uongo huo, kwani kuukataa kungewagharimu, na askari wanaitwa. Baadaye, ndani ya shule ile ile, wasichana wa Kitutsi wanawindwa.