Msokoto Hauandiki Riwaya

Kuna uongo mmoja unazunguka vijiweni, na mimi niliuamini miaka miwili mizima: eti mwandishi bila stimu hawezi kitu. Hapa Namtumbo ukisema tu unaandika riwaya, hukosi mshikaji wa kukwambia, "Vuta kidogo kaka, maneno yatakuja yenyewe." Na kweli yanakuja! Tatizo ni asubuhi.

Nilimaliza kidato cha nne, nikakosa nafasi ya kuendelea, nikaamua kuandika. Jioni msokoto, Jumamosi kangara. Usiku nacheka peke yangu kwa utamu wa sentensi zangu. Siku moja nikalisoma daftari lote nikiwa mkavu. Msichana wangu Zawadi, ukurasa wa 12 kageuka Rehema. Baba yake niliyemzika sura ya kwanza, sura ya tatu anakula ugali. Jamani!

Sasa nisikilizeni, ninyi mnaosema bangi ni majani tu. Kilevi chake, THC, ambacho Mechoulam na Gaoni walikitenga kule Israel mwaka 1964, kinaiga kemikali ya ubongo wenyewe, anandamaidi, iliyogunduliwa mwaka 1992. Kinaingia kama ufunguo bandia kwenye vipokezi vyake, na vipokezi hivyo vimejaa katika hipokampasi, pale kumbukumbu mpya zinapotengenezwa. Yaani kinagonga palepale mwandishi anapofanyia kazi! Na ule utamu? Ni dopamini, inayouambia ubongo "rudia hiki". Haijui sentensi nzuri wala mbaya. Ukizidi kuvuta, vipokezi vinapungua: msokoto mmoja hautoshi tena, na siku ukikosa una hasira, hulali, chakula hakipandi.

Pombe ni mbaya zaidi kuiacha. Inaitia nguvu GABA, breki ya ubongo, na kuibana glutamati, kichocheo chake. Ubongo wa mnywaji wa kila siku unajirekebisha: breki unazilegeza, kichocheo unakizidisha. Pombe ikikatika ghafla, mikono inatetemeka, na wengine huanguka kifafa hata kufa. Kwa hiyo mlevi wa siku nyingi msimwambie "acha leo leo" halafu mkamcheka. Mpelekeni hospitali.

Mtaniambia, mbona fulani anavuta na anaandika? Anaandika licha ya msokoto, ndugu zangu. Tena si kila mvutaji hunaswa, nakubali. Lakini anayeanza mdogo yuko hatarini zaidi, maana ubongo unaendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Mimi nina 23. Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017. Uongo huu bado unagawiwa bure, na wanaougawa ni sisi wenyewe tunaojiita wasanii.

Nina miezi saba sasa. Wiki ya kwanza sikulala, nilimgombeza hata mama. Nimeandika kurasa 31, nyingine mbovu kabisa, ila baba yake Zawadi bado yumo kaburini.