Mbegu iliyokufa haifufuki kwa kulowekwa

Leo naweka siasa pembeni. Nataka kuongelea mbegu za vitunguu, na kosa langu mwenyewe.

Mjomba wangu analima vitunguu Ruaha Mbuyuni. Msimu uliopita alinipigia simu: "Mjomba, nina kopo la mbegu lilibaki tangu mwaka juzi. Zitaota hizi?" Mimi, msomi wa familia, nikamjibu kwa kujiamini: ziloweke usiku kucha, zitaamka. Nilikuwa nimeisoma kwenye kundi la WhatsApp. Habari ya gazetini nisingeiandika bila kuuliza watu wawili watatu. Hii niliitoa hivi hivi.

Kitalu kikaota vipara. Miche ya kitunguu hukaa kitaluni kama wiki 6 hadi 8, kwa hiyo alipogundua na kutafuta mbegu nyingine, wenzake walikuwa mbali. Shamba alishalikodi, pesa ya watu.

Naomba nieleweke. Kuloweka si uongo. Mbegu iliyozeeka ikipata maji huanza kujikarabati kabla mzizi haujachomoza. Ukiiloweka kwa saa chache, ukaikausha kivulini na kuisia bila kuchelewa, mara nyingi huota haraka na kwa pamoja. Lakini hiyo ni dawa ya mgonjwa, si ya maiti. Na mbegu ya kitunguu hufa mapema: ikihifadhiwa kawaida huanza kuchoka baada ya mwaka 1 au 2, wakati ya nyanya au tango yaweza kufika miaka 4 au zaidi.

Najua kuna atakayeniletea habari ya mbegu ya tende ya Masada, kule Israel, yenye umri wa miaka kama 2,000, iliyooteshwa mwaka 2005 baada ya kulowekwa. Ni kweli. Lakini ile ilikaa jangwani, pakavu kabisa. Wataalamu wa mbegu wana kanuni ya siku nyingi: unyevu ndani ya mbegu ukipungua kwa asilimia 1, au joto la mahali ilipo likipungua kwa nyuzi 5 hivi, umri wake huongezeka karibu mara mbili. Kopo la mjomba lilikuwa wazi, juu ya kabati, chini ya bati. Hapo jangwa liko wapi?

Msimamo wangu ni huu: kabla ya kuuliza dawa ya kufufua mbegu, pima kama iko hai. Hesabu mbegu 50, zifunge kwenye kitambaa kibichi, kiweke ndani ya mfuko wa plastiki, subiri siku 10 hadi 12. Zikiota 40, sia bila wasiwasi. Zikiota 25, zidisha mbegu kitaluni, na hapo kuloweka kunaweza kusaidia. Zikiota 10, tupa.

Wapo wanaosema mkulima mdogo hana muda wa majaribio. Jamani, yeye ndiye asiyeweza kumudu kusia mara mbili! Kipimo hiki kinahitaji kitambaa na subira tu.

Nilimpigia mjomba kumwomba radhi. Akacheka, akasema siku hizi hata ushauri wangu anaufunga kwanza kwenye kitambaa kibichi. Sina la kujitetea. Nanyi wenzangu wenye wazazi na wajomba shambani, kabla hamjawatumia ushauri wa kwenye simu, mmeupima?