Kesi Kwisha Si Kesi Kuamuliwa

Huko Turkana, kuanzia Lodwar hadi Kakuma, husikika mara kwa mara kauli fupi: "Kesi hiyo ilikwisha." Wazee wameketi chini ya mti, mbuzi wamelipwa, watu wametawanyika. Katika kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, wakimbizi wa Sudan nao walikuja na mabaraza yao ya kimila. Swali langu kwa walimu na wanafunzi ni hili: je, kesi iliyokwisha namna hiyo imeamuliwa?

Wanasheria wana istilahi ya Kilatini, res judicata, yaani jambo lililokwisha kuamuliwa. Kifungu cha 7 cha sheria ya Kenya ya mwenendo wa kesi za madai chakataza mahakama kusikiliza upya mgogoro ule ule, baina ya wahusika wale wale, ikiwa mahakama yenye mamlaka ilikwisha kuusikiliza na kutoa uamuzi wa mwisho. Kanuni hii ni njema. Bila yake, mjane aliyeshinda kesi ya kiwanja leo angeburutwa kortini tena kesho, hadi nauli imwishie.

Lakini hebu tuyapime maneno hayo. Baraza la wazee si mahakama kwa maana ya kifungu hicho. Kweli, Katiba ya 2010, ibara ya 159, yahimiza upatanisho wa kimila, nami nauunga mkono katika migogoro ya malisho na madeni; tena mapatano yakipelekwa kortini na kuandikwa kuwa amri, hupata nguvu ya hukumu. Jinai ni jambo jingine. Ibara ya 50 humkinga asishtakiwe tena mtu aliyekwisha kuachiliwa au kutiwa hatiani kwa kitendo kile kile. Mbuzi si hukumu.

Chukua msichana wa shule aliyenajisiwa. Baba amelipwa mifugo, binti hakuulizwa neno. Katika baraza lile hakuwa hata mhusika! Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 40, haikumpa mzazi wala mzee uwezo wa kusimamisha upelelezi au mashtaka. Ilimpa Mwanasheria Mkuu, na chini ya Katiba ya 2010 mashtaka yamo mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Hata mwaka 2013, Mahakama Kuu ya Nairobi iliporidhia kuondolewa kwa shauri la mauaji baada ya familia kulipana fidia, ombi lilitoka kwa Mkurugenzi huyo.

Basi mwalimu atakayeambiwa kuhusu mwanafunzi wake kwamba mambo "yalikwisha", na aulize: yaliamuliwa na nani? Hakimu yuko Lodwar, na Kakuma pia yuko.