Simu haikuwa Bogoro



Tangu Novemba 2022, kampuni OpenAI ilipoachilia ChatGPT, akili bandia imeingia shuleni kwetu bila kubisha hodi. Wanafunzi wanaiita tu «IA». Kuko wakubwa wanaosema ipigwe marufuku. Kuko wengine wanaosema itatuokoa na ukosefu wa walimu. Sisi hatukubali wala moja wala lingine, na tunataka kusema sababu.

Kwanza, hatumlaumu mwanafunzi. Shule haina maktaba, kitabu cha historia hajakiona, mwalimu anaandika somo kwenye tablo na watoto wananakili kwenye kaye. Akipata mega kidogo, anauliza simu, na simu inamjibu kwa Kifaransa safi. Nani angekataa? Lakini lazima ajue ile kitu inafanyaje kazi. Haiko na kumbukumbu kama ya mzee wa kijiji. Imesomeshwa maandishi mengi sana, kisha inakadiria neno gani linafuata neno gani. Pale maandishi ni mengi, kama kwenye sarufi ya Kifaransa, inasaidia kweli. Pale ni machache, inaweza kujaza pengo kwa kubuni, na sauti yake inabaki ileile ya uhakika. Na juu ya Ituri maandishi ni machache. Kwa Kihema, Kilendu au Kibira ndiyo kabisa.

Hapo ndipo tuko na hofu. Barabara ya kutoka Kasenyi kwenda Bunia inapita Bogoro. Tarehe 24 Februari 2003 watu waliuawa pale, na mahakama ya CPI kule La Haye ilifanya kesi juu ya siku ile. Mathieu Ngudjolo aliachiliwa Desemba 2012. Germain Katanga alipatikana na hatia tarehe 7 Machi 2014. Kabla yao, Machi 2012, Thomas Lubanga alipatikana na hatia ya kuandikisha watoto wa chini ya miaka 15 katika jeshi lake, watoto ambao mahali pao palikuwa darasani. Katika hukumu zile majaji walisikiliza mashahidi wa kila upande, na hata wao wenyewe hawakukubaliana juu ya kila jambo.

Mwanafunzi wa miaka 16 leo hakuwa amezaliwa. Akiuliza simu nani alianzisha vita ya Ituri, atapata mistari mitano. Kama mistari ile inabebesha kabila moja kosa lote, kabla ya jioni itakuwa imezunguka WhatsApp yote. Kwingine jibu la uongo linapoteza pointi. Kwetu linaweza kuchoma nyumba. Mwanzoni mwa 2018 tuliona watu wakipanda mitumbwi kukimbilia Uganda kupitia ziwa letu. Tunajua maneno yanaweza kufikisha watu wapi.

Pili, mashini haiondoi mwalimu. Katika jimbo la Edo, Nigeria, mwaka 2024, Benki ya Dunia ilijaribu IA na wanafunzi wa sekondari kwa wiki sita baada ya masomo, na walifaulu Kiingereza vizuri kuliko wenzao. Wengi wanarudilia habari hii, lakini wanasahau nusu yake: mle darasani walimu walikuwepo, wakiongoza kila kipindi. Kwetu kungali walimu ambao kila mtu anawaita «N.P.», yaani hawalipwi na serikali. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni bure, na tangu Septemba 2019 serikali inasema inatekeleza. Mwalimu asiyelipwa atapata wapi nguvu ya kukagua kama kazi ya mtoto imetoka kichwani au kwenye simu?

Tatu, tunaongea kama watu wenye diplome na hawana kazi. Tayari tajiri wa kazi anatazama karatasi zetu kwa mashaka. Hata kabla ya IA, TFC zilikuwa zinanunuliwa kwenye vibanda vya fotokopi, kila mtu anajua. Sasa inatosha dakika kumi. Tukikubali hivyo, karatasi ya yule aliyelala na ya yule aliyekesha zitakuwa na bei moja, na bei hiyo ni sifuri. Na mtoto wa sekondari asidanganyike: kwenye Exetat, dissertation inaandikwa kwa kalamu, na simu ni marufuku mle ndani.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne, na tutayafuatilia:

1. Walimu wote wa Ituri walipwe. Hakuna mpango wa IA unaoweza kuanza kabla ya hapo.

2. Vyuo vipime TFC kwa mdomo, kwa maswali ya kweli, si kwa kuhesabu kurasa.

3. Shule zifuate ushauri wa UNESCO wa Septemba 2023: mtoto wa chini ya miaka 13 asitumie mashini hizi darasani. Na wakubwa wafundishwe kuuliza «umetoa wapi?».

4. Muhtasari wa hukumu za CPI juu ya Ituri ufike shuleni kwa Kifaransa na Kiswahili, ili mtoto asome kilichothibitishwa.

Na sisi vijana, tusingojee serikali kwa kila kitu. Ukiona katika groupe jibu la IA juu ya vita yetu, usilitume mbele. Uliza limetoka wapi. Nenda kwa mzee wa upande wako, kisha nenda kwa mzee wa upande mwingine, andika wanachosema wote wawili. Wao walikuwepo. Simu haikuwepo.

Kasenyi, Ituri