Chujio Katika Shule ya Kanisa

Mwezi wa Desemba uliopita nilikutana na mzee mmoja langoni pa shule ninayofundisha. Alikuwa akisukuma baisikeli, na nyuma yake amefunga sanduku la bati na godoro. Mwanawe alimfuata kwa nyuma, ameshika ndoo. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, Mwalimu," akasimama, akaegemeza baisikeli kiunoni. Kisha akaniuliza neno moja, wala hakuliuliza kwa hasira: "Mwalimu, mwanangu ameiba nini?"

Hakuiba kitu. Hakupigana, hakutoroka, hakumtukana mtu. Alipata wastani wa 47, na shule yetu yataka 50. Katika somo la Biolojia alipata 31, na aliyeiandika 31 hiyo kwa wino mwekundu ni mimi. Basi msomaji asidhani kwamba nimekaa kando ninanyoshea wengine kidole. Naandika habari za kazi ya mikono yangu.

Desturi hii siku hizi yaitwa kuchuja. Katika shule nyingi za kulipia, na za Kanisa zimo, mtoto asiyefikia wastani uliowekwa hupewa barua mwisho wa mwaka. Barua haisemi kwamba amefukuzwa. Yasema kwa upole kwamba mzazi ashauriwa kumtafutia mwanawe shule nyingine itakayomfaa. Mara nyingi barua hizi hutoka kabla mtoto hajafika katika darasa la mtihani mkubwa: hutoka darasa la tano na la sita, ili asifanye mtihani wa darasa la saba kwa jina la shule, na hutoka kidato cha kwanza na cha tatu kwa sababu hiyo hiyo. Mwingine huchujwa baada ya kidato cha pili, kama mtoto wa yule mzee. Shule za wafanyabiashara nazo zafanya hivyo, lakini leo sina neno nazo. Hazikutundika msalaba juu ya lango.

Tuitazame hesabu yenyewe, maana ndiyo inayowadanganya watu. Tuseme shule imepokea watoto 80 katika kidato cha kwanza. Katika miaka mitatu ikawatoa 20 waliokuwa nyuma, na wale 60 waliobaki wakafaulu wote. Bango barabarani litasema, "Tumefaulisha mia kwa mia." Mzazi alisomaye bango hilo akiwa ndani ya basi huliamini, akauza ng'ombe ili amlete mwanawe. Lakini waliokabidhiwa shule ile ni 80, na waliofika ni 60. Hiyo ni 75 kwa mia. Wale 20 hawamo katika hesabu yo yote. Mchungaji mshahara anayewauza kondoo wagonjwa usiku wa kuamkia siku ya kuhesabiwa zizi, kisha akasifiwa kwa kundi lenye afya, sisi vijijini twajua jina lake, wala si mchungaji.

Wengine walitumaini kwamba desturi hii itapungua tangu Januari 2023, Baraza la Mitihani la Taifa lilipoacha kutangaza shule kumi bora. Walifikiri kwamba pasipo mashindano hapana chujio. Kwa nionavyo mimi, shule zilizokuwa zikingoja kutajwa na Baraza zimejifunza kujitaja zenyewe, kwa mabango na kwa simu za mkononi, na chujio li pale pale.

Sasa nataka kusema juu ya watoto wenyewe, kwa kuwa miaka yangu yote ya kazi nimekaa nao. Ni wale wa katikati, wenye miaka 12 hata 15. Wazee wetu waliosoma miaka ya 1950 walikuwa na shule yao hasa, wakiiita shule ya kati, darasa la tano hadi la nane. Sisi leo tumewagawa, wengine wako mwisho wa shule ya msingi na wengine mwanzo wa sekondari. Ndio watoto wagumu kufundishwa kuliko wote. Mdogo wa darasa la pili humpenda mwalimu wake bila sababu. Kijana wa kidato cha nne amekwisha kuona mbele yake mlango, naye ausukuma. Wa katikati hajui alipo. Sauti yamvunjika akisoma mbele ya wenzake, wakamcheka, naye asisome tena kwa kwa hiari muhula mzima. Msichana apata hedhi siku ya jaribio, akaona afadhali kukaa nyumbani kuliko kuinuka mbele ya darasa. Wengine hurefuka ghafula, wakawa na njaa mchana kutwa na usingizi asubuhi yote. Mtoto aliyekuwa wa tatu mwaka jana aweza kuwa wa arubaini mwaka huu, na mwaka ujao akawa wa tano. Nimeyaona haya mara nyingi hata sishangai tena. Kumhukumu mtoto kwa mwaka huo mmoja ni kama kukata mgomba kwa sababu siku ya upepo umeinama.

Na kwa mtoto wa kijijini kuna mlima mwingine, nao ni lugha. Amesoma miaka saba kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya Serikali. Siku anapoingia kidato cha kwanza, masomo yote hugeuka kuwa ya Kiingereza, ila Kiswahili chenyewe na machache mengine. Hupewa majuma machache ya mwanzo kuizoea lugha, kisha twaanza mbio. Mtoto wa mjini aliyesoma kwa Kiingereza tangu utoto hukaa naye dawati moja, na wote wawili hupimwa kwa karatasi moja. Yule kijana wa ndoo nilimwuliza siku moja shambani, tukiwa twapalilia bustani ya shule, jinsi majani yanavyojitengenezea chakula. Alinieleza kwa Kiswahili, tangu mizizi hata mwanga wa jua, akaongeza habari ya mihogo ya mama yake iliyopandwa kivulini ikakosa kunenepa. Sikuwa nimemfundisha hilo la mihogo. Katika karatasi ya mtihani, swali lilo hilo, aliandika mistari miwili kisha akaacha wazi. Nikampa alama mbili katika kumi. Je, nilipima Biolojia au nilipima Kiingereza? Naye amechujwa kwa upungufu gani, wa akili au wa miaka?

Wapo watakaosema, "Mwalimu, hata Bwana wetu alinena habari za mzabibu na matawi yanayokatwa." Neno hilo nimelisikia likisemwa katika kikao cha walimu, tena na mtu ninayemheshimu. Namjibu kwa upole kwamba katika sura ile ya 15 ya Yohana mwenye kukata ni Baba, wala sikuona mahali alipompa mkuu wa shule kisu chake. Na kama twataka mfano wa mti, basi tusome na ule wa mtini usiozaa, katika Luka sura ya 13. Mwenye shamba alikuwa na haki: miaka mitatu amekuja, miaka mitatu amekosa. Lakini mtunza shamba aliomba mwaka mmoja tena, akaahidi kuupalilia na kuutilia samadi. Tazama vema, ndugu, kwamba hakuomba mwaka mtupu. Aliomba mwaka wenye jembe na samadi. Sisi tuliokata kwa miaka miwili tu, samadi yetu ilikuwa nini? Katika shule yetu walimu hodari hupewa kidato cha nne, kwa sababu ya mtihani. Kidato cha kwanza na cha pili hupewa aliyeajiriwa jana. Kisha twalalamika kwamba mimea ya kitaluni imedhoofu.

Jambo la aibu ni hili, kwamba Kaisari amekuwa mpole kuliko sisi. Desturi ya Serikali kwa mtoto aliyeshindwa mtihani wa kidato cha pili kwa mara ya kwanza ni kurudia darasa. Na yule kijana hakushindwa mtihani wa Serikali. Alifaulu! Ni kipimo chetu wenyewe kilichomtoa, kipimo tulichokitunga mezani ili kuwazidi majirani.

Wala shule za Kanisa hazikuanza hivi katika nchi zetu. Mwaka 1864 Askofu Tozer wa misheni ya Kiingereza iliyoitwa UMCA alifika Unguja, pamoja na Dakta Steere. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wavulana watano, waliotolewa katika jahazi la watumwa, akapewa na Sultani. Hawakufanya mtihani wa kuingia. Hawakuwa na baba wa kulipa karo, wala hawakuijua lugha ya mwalimu, wala mwalimu hakuijua yao. Kama Tozer angekuwa na wastani wa 50, jioni ile angewarudisha wote watano pwani. Lakini hao ndio walikuwa mwanzo wa shule ya Kiungani, na mmoja wao, John Swedi, akapata ushemasi mwaka 1879. Hesabuni wenyewe: ni miaka kumi na mitano. Sisi twamnyima mtoto mwaka mmoja.

Nasi Wakristo wa leo tuna deni jingine. Kwa sheria ya mwaka 1969 shule za misheni, zote ila za seminari na chache nyingine, ziliingia mikononi mwa Serikali. Kanisa lilipoanza tena kujenga shule kwa wingi, tangu miaka ya 1980, hazikujengwa kwa fedha za wageni peke yake. Nyinyi msomao haya mwakumbuka vema. Mlitoa mahindi na kahawa mnadani siku ya mavuno, mkafyatua matofali, na akina mama wakabeba mawe kichwani kutoka mtoni. Hapana aliyewaambia siku ile kwamba mjukuu wa mama aliyebeba mawe atatolewa humo kwa upungufu wa alama tatu.

Lakini sitaki kuwadhulumu wakuu wa shule, maana wana shida ya kweli. Mwalimu hulipwa kwa karo. Karo huletwa na wazazi. Wazazi hufuata matokeo. Mkuu mmoja aliniambia, "Nikiwabakiza hawa, mwaka kesho sitapata wapya, na wewe hutapata mshahara." Sikuwa na jibu la haraka, na mwisho wa mwezi mshahara wake nikaupokea. Hata hivyo naona kwamba woga huu umekuzwa na sisi sote. Wazazi wenyewe ndio wanaouliza langoni, "Mmepata daraja la kwanza ngapi?" Sijamsikia hata mmoja anayeuliza, "Walioingia walikuwa wangapi, na waliomaliza ni wangapi?" Swali hili la pili halina gharama. Likiulizwa na wazazi kumi katika juma moja, mkuu atalitafutia jibu. Na halmashauri za dayosisi zikiliuliza kila mwaka, na kutaka majibu yake yasomwe kanisani pamoja na matokeo, chujio litaanza kuona haya.

Mwingine atasema, "Na mvivu je? Na mkorofi anayewaharibu wenzake?" Mkorofi ana sheria yake, yenye maonyo na kikao na mzazi kuitwa, aadhibiwe kwa kosa lake, nalo litajwe. Mvivu naye ni kazi ya mwalimu, kama mgonjwa alivyo kazi ya mganga. Sijapata kusikia hospitali ya misheni inayowatoa wagonjwa mahututi ili ijisifu kwamba kwake hafi mtu.

Mimi nimeanza kwa kidogo nilicho nacho. Jumanne na Alhamisi jioni nawakusanya wa kidato cha kwanza walio nyuma, kumi na wawili hivi, tukasoma Biolojia kwa Kiswahili kwanza, kisha kila mmoja aandika sentensi tatu za Kiingereza juu ya jambo alilokwisha kulielewa. Tatu tu. Wapo wanaopanda na wapo wasiopanda bado. Mwenzangu wa hesabu amenicheka, kisha juma lililopita akaniomba apewe siku ya Jumatano.

Yule mzee nilimjibu nini langoni? Nilimwambia kwamba mwanawe hakuiba, ila alama hazikutosha. Akanitazama, akatazama jengo la darasa, akasema, "Bati zile tulizipandisha sisi." Kisha akasukuma baisikeli yake, mtoto akainua ndoo, wakaenda. Wana mwendo wa saa nne mpaka kwao.

Kikao cha bodi ya shule yetu ni mwezi ujao. Nimekwisha kuandika majina ya watoto waliotolewa katika madarasa yangu kwa miaka sita hii, na mbele ya kila jina alama zilizopungua: tatu, moja, tano, mbili. Nimeomba nafasi ya kuyasoma. Nisipopewa, karatasi nitaiacha mezani.